Mwongozo kwa Msaidizi Mpya wa Tiba ya Usemi, Kabla Hajafungua Mdomo

Hongera kwa kazi mpya. Sasa wewe ni msaidizi wa mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, cheo ambacho hakitaenea kwenye beji na ambacho shangazi yako hatakielewa. Ukimweleza, atauliza, "Kwani siku hizi watu wanafundishwa kuongea?" Kisha ataongea yeye nusu saa bila kumeza mate, kukuthibitishia kwamba katika ukoo wenu kazi hiyo haina soko.

Mwongozo huu ni kwa wale wanaoingia kliniki wakiamini kwamba, kwa kuwa wao ni waongeaji hodari, kazi wameshaiweza. Kwa taarifa yao, waongeaji hodari ndio wanaopata taabu kuliko wote.

1. Cheo chako na pale kinapoishia

Kwenye mkataba wewe ni msaidizi. Kwenye korido utaitwa "dokta" kabla ya saa nne asubuhi. Raha yake ipo, hatukatai. Ila fahamu unachokiingia.

Huko Marekani, ambako kazi hii imewekewa kanuni za maandishi, chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu, ASHA, kilichoanzishwa mwaka 1925, kilianza mwaka 2020 kutoa cheti maalumu kwa wasaidizi. Cheti kinakuja na makatazo yake. Msaidizi hasemi mtu ana tatizo gani. Hafasiri majibu ya vipimo. Hapangi wala habadilishi mpango wa tiba, hamruhusu mtu kuacha tiba, na haishauri familia jambo ambalo mtaalamu hajaliidhinisha. Kazi yake ni kutekeleza, kuandika alichokiona, na kuripoti.

Huku kwetu makatazo hayo mara nyingi hayajabandikwa ukutani, na wataalamu wenyewe ni wa kutafuta kwa tochi. Shahada ya kwanza ya fani hii Afrika Mashariki ilianza Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008. Kabla ya hapo, aliyetaka kuisomea alipanda ndege. Matokeo yake, bosi wako ana foleni inayofika getini, na wewe ndiye unayekutana na mama kwenye ngazi. Atakushika mkono, atashusha sauti, atauliza, "Dokta, hebu niambie ukweli, huyu ataongea lini?"

Jibu sahihi ni, "Hilo twende tumuulize mtaalamu pamoja, mama."

Jibu litakalotaka kukutoka ni, "Mwezi wa sita."

Usilitoe. Mama atalipeleka nyumbani, atamwambia baba, baba atampigia bibi kijijini, na mwezi wa sita utafika.

2. Vifaa vya kisasa

Pengine uliota mashine zenye taa. Utakabidhiwa kioo, kopo la sabuni ya mapovu, mwanasesere asiye na mkono mmoja, gari la plastiki lenye matairi matatu, na pakiti ya kadi za picha.

Zichunguze hizo kadi. Nyingi zilichapishwa ng'ambo, kwa watoto wa ng'ambo. Utamwonyesha mtoto wa Mbagala mtu aliyefinyangwa kwa theluji, umuulize, "Hii ni nini?" Atakaa kimya. Usiandike kwenye faili kwamba msamiati wake ni hafifu. Hata wewe hujawahi kumwona mtu huyo. Tengeneza kadi zako: ndala, embe, sufuria, bodaboda, ndoo, chapati.

Ukishazitengeneza, usizigawe kiholela kama karata. Tuseme mtaalamu amekukabidhi mtoto wa miaka minne ambaye sauti ya *k* kwake hutokea mbele ya kinywa, ikawa *t*. Kuku anakuwa *tutu*, kaka anakuwa *tata*, na kijiko kinakuwa *tijito*. Nyumbani wanamcheka kwa mapenzi na kumwomba arudie mbele ya wageni. Wewe huna ruhusa ya kucheka, na utaihitaji sana.

Kazi huanzia kwenye sikio lake. Unaweka kadi ya kuku upande huu na karatasi tupu upande ule. Ukisema "kuku", aguse kuku. Ukisema "tutu", aguse karatasi tupu. Asipoisikia tofauti hiyo kutoka kwako, hataisikia kutoka kwake mwenyewe. Ikishamkaa, ndipo unaingia kinywani. Ulimi wake umezoea kugonga nyuma ya meno. Sasa unatakiwa kuinuka kule nyuma, kwenye kaakaa laini. Mtaalamu anaweza kukuelekeza umlaze chali mkekani ili ulimi urudi nyuma kwa uzito wake, au umfundishe kusukutua koo kwa maji kidogo. Maji yatakufikia. Njoo na shati la akiba.

Ikipatikana *ka*, mnakwenda *kaka*, kisha neno zima, kisha sentensi, kisha maongezi ya kawaida mtoto akiwa hana habari kwamba anapimwa. Kila hatua inahitaji marudio mengi, na kila rudio linahitaji alama kwenye karatasi: jumlisha akipatia, toa akikosea. Utaandika kwa mkono mmoja huku wa pili ukimzuia mtoto asinywe sabuni. Mwisho wa kipindi utashawishika kuandika "Amejitahidi sana." Mtaalamu hana cha kufanya na sentensi hiyo. Andika "7 kati ya 10, kwa kuiga" au "3 kati ya 10, bila msaada."

Hapa kuna hatari ambayo wengi hawaijui mpaka imewakuta. Baada ya majuma machache utampenda mtoto, na sikio lako litampenda pia. *Tutu* yake itaanza kukuingia kama *kuku*. Alama za jumlisha zitaongezeka kwenye karatasi wakati kinywani hakuna kilichobadilika. Dawa yake ni kumrekodi mtoto kwa kibali cha wazazi, na kumpa mtaalamu asikilize bila kuona alama zako.

3. Usiitibu nusu ya nchi

Mwezi wa kwanza wa ajira kila unayekutana naye ataonekana mgonjwa. Kondakta anasema *sule*. Jirani anasema *zahabu*. Mzee wa Nyeri anakwambia kwamba ameshakura, na bibi wa Magu anamwita kiongozi wa nchi *lais*. Mkono wako utakwenda kwenye fomu za rufaa.

Uurudishe. Hao wanaongea Kiswahili chenye lafudhi ya lugha zao za kwanza, na lafudhi haina tiba kwa sababu haina ugonjwa. Swali la kuuliza kabla ya kumshuku mtoto ni moja: kwao wanasemaje? Mtoto akizungumza sawasawa na bibi yake aliyemlea, mtoto yuko salama na bibi yuko salama. Mwenye haja ya kurekebishwa ni wewe. Umri nao uangaliwe. Sauti ya *r* huchelewa kukomaa kwa watoto wengi, na mtoto wa miaka mitatu anayeomba kalamu ya *langi* anastahili kupewa kalamu.

4. Mapovu, au elimu ya kungoja

Tumefika kwenye kiini cha kazi, na mwongozaji anaomba utulivu.

Mbele yako yupo mtoto asiyesema, mwenye miaka miwili na nusu. Unafungua kopo, unapuliza mapovu. Macho yake yanang'aa, anayafukuza, anayapasua yote. Unapuliza tena. Mara ya tatu unafunga kopo, unalishika karibu na uso wako, unamtazama mtoto, unapandisha nyusi. Halafu hufanyi kitu. Unahesabu moyoni hadi kumi.

Hayo ndiyo maelezo yote. Hebu sasa jaribu kuyafuata.

Ukifika tatu, mama atasema, "Sema 'tena'! Junior, sema 'tena'! Mwambie anko 'tena'!" Ukifika nne, bibi aliyesindikiza atasema, "Nyumbani huwa anasema." Ukifika tano, mdomo wako mwenyewe utafunguka useme "tena" kwa niaba ya mtoto, kwa sababu umelelewa katika nchi ambayo ukimya mbele ya wageni ni utovu wa adabu, na mtoto asiyejibu shikamoo huaibisha ukoo.

Ungefika saba ungeona kitu. Mtoto alikuwa anaangalia kopo, akakuangalia wewe, akarudi kwenye kopo. Mkono ulishaanza kunyanyuka. Huko kuangalia huku na huku ndiko kuomba kwenyewe, kabla hakujapata sauti. Ndiyo tabia uliyotumwa kuitafuta na kuiandika. Wewe umeifunika kwa "tena" yako.

Kwa hiyo muombe mtaalamu awafafanulie familia kabla ya kipindi kwamba kutakuwa na ukimya, na kwamba ukimya huo umelipiwa. Mtoto akitoa chochote, iwe mkono, mguno au *te*, mapovu yatoke hapohapo. Usimdai neno kamili kabla ya kumpa. Mtoto akigundua kwamba kuomba kunaleta mtihani, ataamua kujifungulia kopo mwenyewe, na ameshaona kifuniko kinavyozungushwa.

5. Mzee wa kiharusi

Siku ya Jumatano watoto watapisha, na ataletwa mzee kwenye kiti cha magurudumu. Anza na shikamoo. Mgonjwa ambaye hawezi kuitikia marahaba bado anajua kama ameamkiwa au hakuamkiwa.

Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alimchunguza mtu aliyepewa jina la Tan, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa takriban silabi pekee iliyomsalia, ilhali mengi aliyoambiwa aliyaelewa. Tan alipofariki, Broca alikuta jeraha upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya mbele, na sehemu hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina la daktari. Nawe utakutana na Tan wa kwenu. Huenda neno lililomsalia ni "kesho". Jina lako nani, mzee? Kesho. Unaumwa wapi? Kesho. Huyu ni nani? Atamtazama mkewe kwa macho yanayojua kila kitu, aseme, "Kesho," halafu agonge paja kwa hasira, kwa sababu amejisikia.

Mzee huyohuyo anaweza kuhesabu moja hadi kumi ukimwanzishia, kuimba wimbo aliouimba tangu utoto, kuitikia sala, na kukutukana tusi zima lililonyooka, la wazazi wote wawili. Familia itasema, "Basi anatufanyia makusudi. Mbona jana alinitukana vizuri tu?" Maneno yaliyozoeleka mno, pamoja na yale ya hasira, mara nyingi hunusurika pale ambapo maneno ya kutunga yamepotea. Mtaalamu ndiye atakayewaeleza. Wewe usijibu tusi, na usiliandike kama maendeleo ya sentensi ndefu.

Usimpigie kelele, aliyepoteza maneno hajapoteza masikio. Usimletee kadi za sungura mwenye kaptura. Mletee kikombe, miwani, simu, kete za bao, picha za wajukuu. Muulize maswali ya ndiyo na hapana, mpe kalamu achore, mpe muda. Na usimmalizie neno. Mtihani mkubwa zaidi hapo ni wa bibi, ambaye amekuwa akimmalizia mzee sentensi tangu harusi yao na haoni kwa nini aache leo.

6. Uji wenye kanuni

Kuna siku utaambiwa usimame jikoni na bomba la sindano lisilo na sindano. Hujakosea idara. Kinywa kinachosema ndicho kinachomeza, na kiharusi au mtindio wa ubongo unaweza kuharibu vyote viwili. Kuamua nani ale nini si kazi yako kabisa. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba kilichoamuliwa ndicho kilichomo kwenye kikombe.

Kipo kipimo cha kimataifa, IDDSI, chenye ngazi 0 hadi 7 kuanzia kinywaji chepesi hadi chakula cha kawaida. Kwa vinywaji unachukua bomba la mililita 10, unaziba tundu kwa kidole, unajaza uji, unaachia kwa sekunde 10, kisha unasoma kilichobaki. Ikibaki zaidi ya mililita 1 lakini isizidi 4, ni ngazi ya 1. Ikibaki 4 hadi 8, ngazi ya 2. Ikizidi 8 huku bado inatiririka, ngazi ya 3. Ikigoma kabisa kutoka, umefika ngazi ya 4 au zaidi, na unahamia kwenye kipimo cha kijiko. Pima uji ukiwa na joto lile utakalonywewa nalo, maana uji ukipoa hukaza. Mama mkwe atakayekukuta katika shughuli hiyo atakwambia kwamba amepika uji miaka yote bila sindano. Mkubalie. Kisha upime.

Mgonjwa aketi wima. Akikohoa, sauti ikawa ya majimaji, au pumzi ikabadilika, simama na umwite mtaalamu. Na hapa utani ukae pembeni: wapo ambao chakula huwaingia njia ya hewa bila kukohoa hata kidogo. "Mbona hakukohoa" si ushahidi wa usalama. Ile chai nyepesi ambayo mjukuu anamnywesha kwa siri saa za kutazama wagonjwa inaweza kuishia kwenye mapafu.

7. Kamusi fupi ya korido

*"Hata baba yake alichelewa."* Inawezekana kabisa. Baba mwenyewe yupo hapo, anaongea kuhusu mpira bila kituo. Hata hivyo mtoto apimwe. Kungoja bila kupima hakumsaidii yeyote.

*"Anasikia vizuri, nikifungua biskuti anakuja mbio."* Mtoto anaweza kusikia karatasi ya biskuti na asisikie sauti nyembamba za maneno, au aliona tu mkono wako ukienda kabatini. Kipimo cha masikio ni cha mwanzo, kabla ya kadi na kabla ya mapovu.

*"Wamkate kilimi aongee."* Kilimi kiachwe kilipo. Mpeleke mama kwa mtaalamu leo, kabla hajampeleka mtoto kwa fundi.

*"Huyu ni wa Kiingereza tu."* Maana yake, mtoto anahesabu hadi ishirini na kutaja rangi kwa lafudhi ya katuni za kwenye simu, lakini akitaka maji anauvuta mkono wa mtu hadi kwenye ndoo. Andika vyote viwili, hasa ndoo.

*"Tumemchanganyia lugha, sasa tumeacha Kichaga."* Lugha mbili au tatu nyumbani hazisababishi ugonjwa wa lugha. Ila wewe ni msaidizi. Waambie waiulize ofisini, na uombe bibi asinyamazishwe kabla ya jibu kutoka.

*"Hizo picha zitamfanya mvivu wa kusema."* Kumpa mtoto picha za kuelekeza hakumzuii kusema. Kinachochosha watu ni kukaa siku nzima bila njia ya kueleweka.

*"Ana kigugumizi, mshtue."* Usimshtue. Usimwambie avute pumzi, atulie au aanze upya. Mtazame usoni, ungoje amalize, kisha ujibu alichosema. Ukiona ni rahisi, rudi sehemu ya 4.

8. Nani hasa anatibu

Juma lina saa 168, na mtoto atakaa nawe nusu saa, ukiondoa dakika za kulia, za kuvua viatu na za kumtafuta mwanasesere. Fanya hesabu. Saa zilizobaki yuko na mama, na bibi, na dada wa kazi ambaye hakuna aliyemwita kliniki ingawa ndiye anayemlisha, kumwogesha na kumlaza. Msaidizi mwerevu humuulizia huyo dada. Mtaalamu akikubali, aje, akae mkekani, ashike kopo yeye mwenyewe, nawe uonyeshe namna ya kungoja. Kazi za nyumbani zisiwe za kukaa mezani na kadi; ziwe wakati wa kuoga, kuvaa na kumenya embe.

Jiandae pia kwa malipo ambayo hayamo kwenye mkataba. Neno la kwanza la mtoto wako hutalisikia. Atalisema nyumbani Jumapili jioni, huenda kwa mbuzi, na utaletewa habari Jumatatu na watu watatu wanaobishana lilikuwa neno gani.

Lako litakuja baadaye. Utakuwa umetoa kadi ya kuku kwa mara isiyohesabika, mtoto ataitazama, atakutazama, atavuta pumzi, na wewe, kwa kuwa umesoma mwongozo huu, utakuwa kimya. Kisha atasema wazi, kwa mara ya kwanza bila kuiga mtu, "Sitaki!"

Mama ataruka kitini. "Wewe! Ndivyo unavyomjibu dokta?"

Mwombe mama asimgombeze. Mtoto amekataa kwa maneno badala ya kutupa gari, na ametumia lugha kwa kazi iliyomleta hapo: kumwambia mwenzake kilichomo moyoni. Andika 1 kati ya 1, bila msaada. Kisha rudisha kadi kwenye pakiti, maana ameshakwambia hataki, na ukiendelea na kuku atajifunza kwamba kusema hakusaidii kitu.